Niliulizwa Kama Anaona, Nikajibu Anasoma

Siku ya kuniaga, baada ya hotuba na zawadi ya vikombe, mwalimu mkuu alinivuta pembeni. "Mwalimu Perpetua, tuandikie kurasa chache kuhusu darasa la kwanza. Hawa walimu vijana wanakuja na vyeti vizuri, lakini mtoto asiyeijua 'ba' anawatoa jasho." Kisha akaongeza, "Ila usituchoshe, mwalimu." Nimeanza mara tatu. Kila nikianza na chaki na silabi najikuta nimefika kwa mama yangu mzazi, Mwalimu Generoza, kwa hiyo nimeamua nimfuate yeye moja kwa moja. Mambo ya vyeo na uhamisho nimeyaacha. Mtayapata wenyewe au mtayakosa wenyewe.

Nikiri mapema, mjue mnasoma maandishi ya nani. Kazi yangu miaka yote ilikuwa kujua kama mtoto aliyesimama mbele yangu anasoma au anakariri. Niliwashika wanaokariri wa kila namna, wapole na wajanja, na watoto wa wakubwa pia. Mtu mmoja tu nilimpitisha nikijua kabisa kwamba hasomi, naye ndiye aliyenifundisha kuwashika wengine. Alikuwa mama. Ningesema kweli siku ile, angeondolewa kwenye nyumba yake ya mtaa wa Lipangalala, Ifakara, na kutenganishwa na vitabu vyake. Wapo ndugu ambao mpaka leo wanasema nilikosea, na siwezi kuwabishia sana.

Mama alitoka upande wa Mahenge, akashukia Ifakara akiwa mwalimu kijana mwenye sanduku la bati lililowashinda wabebaji. Walidhani ana vyombo vya ndani. Lilikuwa limejaa vitabu, nguo zake zilikuwa kwenye mfuko wa kawaida. Aliolewa na fundi baiskeli, yaani baba yangu, mtu mkimya aliyejua kusoma ila hakuona sababu ya kufanya hivyo baada ya kazi.

Kwenye mazishi watu husema marehemu alipenda hiki na kile. Mama alipenda vitabu kwa namna ya kukera. Alisoma akiwa jikoni, mwiko mkono mmoja na kitabu mkono wa pili, na kwa hiyo wali wetu uliungua. Kuunguza wali Ifakara, mji unaojigamba kwa mchele wake, ni jambo la kuwaficha majirani. Baba alikwangua ukoko taratibu na kusema, "Naona leo hadithi ilikuwa tamu." Mama hakukana. Akinunua maandazi yaliyofungwa kwa karatasi ya kitabu, anaisoma kwanza pande zote mbili, maandazi yakipoa. Siku moja alimrudia muuzaji na kumwuliza ukurasa unaofuata amemfungia nani. Yule muuzaji alidhani anatukanwa.

Bonde letu halipendi vitabu. Masika yakikolea kila kitu kinaota ukungu, na kiangazi mchwa wanachukua zamu. Miguu ya rafu ya mama ilisimama ndani ya makopo ya oili chafu kutoka kwenye karakana ya baba, na hakuna mchwa aliyevuka. Vitabu alivijalidi kwa karatasi za mifuko ya saruji, akashona mgongo kwa uzi wa kushonea magunia. Gundi yake ilikuwa ubwabwa uliopondwa na kuchemshwa pamoja na majani ya mwarobaini, maana gundi ya wali mtupu mende huila pamoja na kitabu. Njia hii bado inafanya kazi, na stoo yetu ya shule inaihitaji, sitaki kusema zaidi.

Mimi sikupenda vitabu. Sasa nimestaafu, hakuna atakayenifanya kitu. Nilipenda kufundisha kusoma, kama baba alivyopenda kufungua baiskeli za watu wakati yeye mwenyewe anatembea kwa miguu. Mama aliliona hilo mapema. Nilipomaliza chuo cha ualimu aliniangalia nikipanga vitu vyangu kwenye begi, akaona sijaweka hata kitabu kimoja cha hadithi. "Wewe utakuwa fundi mzuri," akasema. "Msomaji, hapana." Lilinichoma. Nilijifanya nacheka.

Nilipangiwa Mngeta. Nilishuka kwenye treni nikiwa na godoro, ndoo na barua ya kuripoti, nikakabidhiwa darasa la kwanza kwa sababu walimu wenzangu wote walikuwa wameshalikataa. Watoto walikuwa wengi kuliko vitabu, kiasi kwamba kila kitabu kilizungukwa na duara la watoto sakafuni, kama wanaokula sinia moja. Mpunga ulipoanza kukomaa nusu yao walipotea. Walikuwa mashambani na wazazi, juu ya dungu, wanafukuza ndege. Mwalimu mgeni huwa anakasirika. Msikasirike, andaeni namna ya kuwapokea wakirudi, kwa sababu watarudi, na watakuwa wamesahau 'cha'.

Mwaka wangu wa kwanza alikuja mkaguzi. Nilikuwa na fahari, maana darasa langu lilisoma kitabu kizima kwa sauti moja, bila kukwama. Mkaguzi alisikiliza ukurasa mmoja, akatabasamu, akasema, "Vizuri. Sasa fungeni vitabu." Wakafunga. Wakaendelea kusoma. Walisoma ukurasa ule hadi mwisho, wakafunua hewani wakaingia ukurasa wa pili, na nikawaona wengine wakifuata mistari kwa kidole kwenye sakafu. Mkaguzi aliandika kitu kwenye daftari lake, akanipa mkono. "Hongera, mwalimu. Umeanzisha kwaya."

Likizo hiyo nilifika Ifakara nimenuna. Nilimsimulia mama nikitegemea pole. Akacheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza alinikalisha kwenye stuli na kunifundisha kazi ambayo chuo hakikunifundisha. "Usisikilize sauti, Perpetua. Sauti ni muongo. Angalia jicho. Anayesoma, jicho lake linatangulia sauti. Anayekariri, sauti inatangulia, jicho linazurura." Akanionyesha mengine pia. Funika picha kwa mkono. Weka kidole kwenye neno la katikati, usianzie mwanzo wa mstari. Na zaidi ya yote angalia ukurasa unavyofunuliwa, kwa sababu mtu anayekariri hajui ukurasa unaishia wapi, anafunua mapema mno au anachelewa. Nilirudi Mngeta nikiwa askari. Watoto kumi na watatu niliwashika wiki ya kwanza.

Kati yao alikuwemo Kabula, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni. Nilimsimamisha mbele, nikampa kitabu, akakitazama kama anayetazama ukuta. Hata neno 'mama' lilimshinda. Ila akiwa kwenye duara na wenzake alikuwa hakosei kitu. Nikasema huyu anakariri kuliko wote, nikamwandika kwenye orodha ya watakaorudia darasa. Mama alinitembelea kabla orodha haijaenda kwa mwalimu mkuu. Alikaa nyuma ya darasa akisoma kitabu chake, kama kawaida yake, na mimi nikiona aibu. Kipindi kilipokwisha akaniuliza, "Yule mwenye shanga shingoni ni nani?"

"Kabula. Huyo hasomi, mama. Anakariri."

"Amecheka pale kwenye nyani kabla mwenzake hajafika kwenye nyani. Anakaa upande gani wa kitabu?"

Sikumwelewa. Akamwita Kabula, akamsalimia vizuri, akafungua kitabu na kukigeuza kichwa chini. Kabula akasoma. Akasoma ukurasa wote, jicho mbele na sauti nyuma, bila kigugumizi. Kumbe tangu siku ya kwanza alikaa mkabala na mwenye kitabu, akajifunza herufi zote zikiwa zimesimama kwa vichwa. "Mtoto anasoma," mama akasema. "Aliyemkalisha huko ni wewe." Nilichana ile orodha. Tulimrekebisha kwa kugeuza kitabu robo kwa robo, kila wiki kidogo, mpaka kikasimama wima. Tangu hapo kwenye madarasa yangu watoto walibadilishana upande kila Jumatatu, na ninyi mnaolalamikia vurugu za Jumatatu kwenye chumba changu sasa mnajua sababu. Kabula ana duka la pembejeo. Maelekezo ya dawa za mpunga anayasoma wima, kama watu wengine.

Miaka ilipita, nikahamishiwa Ifakara. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa amestaafu kazi, si vitabu. Sebule yake pale Lipangalala ilikuwa imegeuka mahali pa kuazima, bila kibao wala kibali. Wanafunzi walikuja, wauguzi walikuja, na kulikuwa na dereva wa bodaboda aliyesoma riwaya akisubiri abiria na kukataa safari akifika pazuri. Masharti yalikuwa machache: osha mikono, usikunje pembe, na ukirudisha useme kimekuwaje. Hilo la mwisho ndilo lililowashinda wengi. Mama hakukubali mtu aseme "kizuri tu." Alikuwa anakushikilia mlangoni mpaka useme kizuri wapi.

Siwezi kusema macho yake yalianza lini kuharibika. Mimi, mtaalamu wa macho ya watoto, sikuona. Alikuwa anamimina chai mpaka inafurika kwenye sosa, nikafikiri ni uzee. Aliacha kunisahihishia barua. Kisha jirani akampigia simu mdogo wangu Method, anayefanya kazi Dodoma, akamwambia mama yenu amekoswakoswa na bajaji mchana kweupe, barabarani, akiwa ameitazama. Method hakusubiri. Jumamosi iliyofuata alifika na gari lake na mpango mzima kichwani.

Method si mtu mbaya, na nisingependa mumsome hivyo. Ana nyumba nzuri na mke mwenye heshima, na alikuwa ameshaandaa chumba. Alitaka mama akae karibu na watu. Vitabu, alisema, vigawiwe shule, maana chumba chenyewe hakina nafasi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Kwako nitakuwa mgonjwa wa mtu, baba," akamwambia. "Hapa mimi ni mwalimu."

"Mama, tatizo ni macho. Kama macho ni mazima sina neno."

"Nani kasema ni mabovu?"

Method akasimama, akachomoa kitabu kwenye rafu bila kuchagua, akakiweka mikononi mwake. "Basi tusomee kidogo. Kama zamani."

Nilikuwa nimekaa kwenye kochi, bega kwa bega na mama. Alipitisha kidole gumba kwenye mshono wa mgongo, akapapasa jalada la saruji, akafungua karibu na mwanzo. Akavaa miwani. Akasoma. Jamani, alisoma. Alisoma kwa ile sauti iliyotulaza tukiwa wadogo, akibadilisha kwa mzee na kwa kijana, na Method akainamisha kichwa nikajua analia. Mimi nilikuwa naangalia ukurasa. Sauti ya mama ilifika chini, ikavuka, ikaingia kwenye sentensi ya ukurasa wa pili, ikaimaliza na kuanza nyingine, na ukurasa wenyewe ulikuwa bado haujafunuliwa. Halafu akaufunua, kwa madaha, kana kwamba ameufikia sasa. Nikamtazama machoni. Macho yalikuwa juu ya kitabu, yameelekea kwenye mwanga wa mlango, hayaendi kushoto wala kulia.

Sikuwahi kuona mtu anayekariri vizuri kama yule.

Method alinitoa nje mpaka kwenye gari. "Dada, hii ni kazi yako, mimi sijui kitu. Niambie ukweli. Mama anaona?"

Nilijua kilichomo ndani ya swali. Nikisema haoni, mama anapakiwa kesho yake asubuhi, na ile sebule inafungwa. Nikisema anaona, nimemdanganya mdogo wangu usoni. "Anasoma," nikamjibu.

Alinitazama kidogo. "Basi sawa," akasema, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Jumapili aliondoka na mchele wa kupelekea wakwe.

Niliporudi ndani mama alikuwa bado ameshika kile kitabu. Dirisha lilikuwa wazi. "Umeulizwa la kuona, umejibu la kusoma," akasema. "Mwanafunzi akikufanyia hivyo unampa ngapi?"

"Sifuri, mama."

"Niwekee chai."

Hatukulizungumza tena kwa miezi saba. Kila siku baada ya vipindi nilipita kwake, nikasingizia mara kuni, mara chumvi. Nilihamisha jiko, nikaondoa stuli njiani, nikafunga kamba ya kuanikia nguo kutoka mlango wa nyuma mpaka chooni, na yeye akaifuata kwa mkono bila kuuliza kwa nini kamba ya nguo haina nguo. Alikuwa anajifanya anaona, na mimi nikijifanya namwamini. Wanaoazima waliendelea kuja. Vitabu vyake alivitambua kwa mishono, kwa kuwa kila mshono ni wake, na masimulizi yote yalikuwa kichwani. Ila niliogopa. Sitaki mwalimu kijana asome hapa akadhani niliufanya uamuzi ule kwa ujasiri na kulala usingizi.

Na nilikuwa na sababu ya kuogopa. Siku moja nilichelewa kwa ajili ya kikao cha wazazi, akaamua kuinjika chai mwenyewe. Aliliegemea jiko la mkaa akidhani ni meza. Nilimkuta ameloweka mkono kwenye ndoo ya maji, amekaa wima, ngozi ya kiganja imebanduka. Kovu lile alienda nalo kaburini, na lile nalihesabu kuwa langu. Ndugu wanaosema nilikosea huwa wanataja mkono huo.

Lakini hata hivyo hakusema. Kilichomshinda mwisho kilikuwa kitu kingine. Method, kwa furaha ya kwamba mama anasoma, alikuwa anamtumia vitabu vipya kwa basi, kila mwezi kimoja au viwili, bado vinanukia kiwanda. Vilirundikana mezani. Mama alivishika, akavinusa, akafungua na kupitisha kiganja kizima juu ya kurasa kama anayetafuta joto. Kisha anavirudisha. Rafu nzima ilikuwa kichwani mwake, lakini hakuna kitabu kipya hata kimoja kilichoweza kuingia tena. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, na kila mara nilitafuta kazi ya kufanya jikoni.

Masika ya mwaka ule, mchana, mvua ikipiga bati, nilikuwa nachambua mchele kwenye ungo. Mkono wa mama ulikuwa bado una bandeji. Akachukua kitabu cha juu kabisa kwenye lundo, akaninyooshea.

"Hiki sikijui," akasema.

Nilielewa, nikaendelea kuchambua mchele. Aliendelea kukinyoosha. "Perpetua. Hiki sikijui, na vile vingine pale sivijui. Mganga wa macho aliniambia ni presha ya macho, zamani, kabla Method hajaja. Alisema kilichoondoka hakirudi. Chukua kitabu basi, au mpaka nikuamkie shikamoo?"

Nikachukua. Kabla ya kuanza alinitaka nimpigie Method, na simu ilipoitikiwa aliipokonya. "Method, mimi sioni," akasema, hata salamu hakutoa. "Sikuona siku ile, na dada yako alijua. Hasira zako zote nitumie mimi, ndiye mwenye kosa. Na siondoki." Nilikuwa nimesogea karibu, nikasikia sauti ya mdogo wangu ikitoka nyembamba: "Sasa utasomaje, mama?"

"Dada yako atanisomea."

"Anasoma vizuri?"

"Hajaanza," mama akasema. "Lakini simtegemei."

Method akacheka huku analia, na mpango wa Dodoma ukafa palepale. Alikuja mwezi uliofuata akamtafutia msichana wa kukaa naye, jambo ambalo tungelifanya mwanzoni kama sisi watatu tungekuwa na akili ya kusema kweli kwa pamoja. Mimi na Method tulikaa karibu mwaka bila kuzungumza sawasawa. Alisema nilimzungusha kwa neno moja. Ni kweli, nilimzungusha.

Kuhusu kusoma kwangu, mama alikuwa sahihi. Nilisoma kama niko ubaoni, nikitamka kila silabi na kufuata kwa kidole, mbele ya mtu asiyekiona kidole. "Hakuna darasa hapa," aliniambia. "Nisomee kama unaniambia umbea." Nilianza upya. Nilichoka, nilisinzia, na mara nyingine niliruka mistari niwahi kusahihisha madaftari, naye akakohoa tu. Lakini kidogo kidogo nikaacha kumsomea yeye peke yake. Siku moja nilijikuta nimefika Lipangalala kabla ya saa yangu, nikitembea haraka, kwa sababu jana yake tulimwacha mtu kwenye kivuko na nilitaka kujua kama alivuka. Nilikuwa na miaka hamsini na zaidi. Nawaambia ili mkimwona mtoto amechelewa msimkatie tamaa mapema mno.

Aliishi miaka minne zaidi, hapohapo, kwenye kiti chake, akiwashikilia watu mlangoni waseme kizuri wapi. Mwaka wa nne alianza kukonda. Hospitali walituambia lililokuwepo, kwa upole, na tukarudi nyumbani. Tulikuwa katikati ya riwaya mpya, hadithi ya familia ya wakulima na mama yao aliyeugua polepole. Ningelijua hilo nisingeichagua, ila jalada lilikuwa na picha ya ng'ombe na mimi nikadhani ni habari za mifugo.

Jumatano tulimwacha yule mama wa kwenye kitabu kitandani, wanawe wakimpepea. Alhamisi nilifika mapema, nikapitia kurasa zinazofuata nikiwa nimesimama uani, nikaona linalokuja. Nikaingia, nikamwamkia, nikaketi. Nikasoma vizuri siku ile, kuliko siku zote. Nilianzia kwenye sura iliyofuata, ambapo watoto wamerudi shambani na dada mkubwa anagawa vyungu.

Mama aliinua mkono wenye kovu. "Umeruka."

"Sijaruka, mama."

"Jana alikuwa kitandani. Leo wanagawana vyungu vyake. Nimesoma maisha yangu yote, Perpetua. Najua kifo kinakaa wapi kwenye kitabu."

Nje kuna mtu alikuwa anapiga kengele ya baiskeli, akamwita jirani, akapita.

"Mimi siogopi kukisikia," akasema. "Kama wewe unaogopa kukisoma, sema tu, tutapumzika kidogo. Halafu utarudi nyuma."

"Naogopa," nikasema.

"Haya. Tupumzike."

Tukapumzika. Alinishika goti. Nililia kama mtoto aliyeachwa shule siku ya kwanza, sikujizuia, na yeye hakunibembeleza. Mwisho akaniambia nifute uso kwanza, nitalowesha kitabu cha watu. Nikafuta kwa kanga. Nikafunua nyuma, kurasa mbili, nikaanzia pale tulipomwacha, nikamsomea mama yangu kifo cha yule mama mpaka nukta ya mwisho, taratibu, bila kuruka hata neno.